Kikombe Alichokinywa Mcheki

Uvumi wenyewe ulimfikia Fakhriya Jumanne asubuhi, juu ya ukuta, pamoja na sahani ya vitumbua. Alyaa, jirani yake, alikuwa mtu wa kutoa sahani kwa mkono mmoja na maneno kwa mkono wa pili.

"Shoga, umelisikia?"

"Lipi hilo? Mie tangu alfajiri niko jikoni."

"Mcheki anarudi! Kashuka Maskati tangu juzi. Ijumaa anakwenda Sur kwenye mechi ya wakongwe ya Jumamosi, na njiani atapita hapa Ibra, kwenu, anywe kahawa kwa Harub."

"Nani kasema?"

"Watu wote."

"Watu wote hao hao ndio waliosema mwaka jana kanunua shamba la tende Dima. Ahsante kwa vitumbua."

Alijibu hivyo, akaingia ndani, na uvumi ukaingia naye. Akikaanga vitunguu, umo. Akisali adhuhuri, umo, hata asijue yuko rakaa ya ngapi. Ulimganda kama kupe. Na si kwamba alimwogopa Mcheki. Aliiogopa Ijumaa. Maana Ijumaa hiyo hiyo, baada ya alasiri, ndipo watu wa Nizwa walipokuwa wanakuja kumposa Wasan.

Wasan ni binti yake wa pekee, miaka thelathini, muuguzi hospitalini Nizwa. Posa mbili zilishavunjika kabla, na mtoto akawa hataki hata kulisikia neno lenyewe, mpaka alipotokea Muatasim, kijana wa maabara, mpole, macho chini. Kikwazo kilikuwa ami yake, mzee Marhoun, aliyemlea tangu baba yake kufa. Miezi saba mzee alikataa. "Wale waliotoka Zanzibar," alisema, "kanzu zao kama zetu, lakini ada zetu hawazijui." Miezi saba Muatasim alimbembeleza, na mwisho mzee akalegea kwa sharti moja: atakuja mwenyewe, akae kwenye majlis, sebule ya wageni ya Harub baba yake Wasan, aone kwa macho yake. Basi yote yalibaki alasiri moja tu. Ikienda vizuri, Wasan kaolewa. Ikiharibika, hakuna tena.

Sasa huyo Mcheki. Jina lake Jaromir Vondra. Zamani, kwao, alicheza mpira, na wenye kujua wanasema alicheza vizuri. Fakhriya hakatai, hata punda huwa na siku yake ya kukimbia. Miguu ilipochoka akawa kocha, akaletwa Sur. Alikaa msimu mmoja na nusu, timu ikachukua kombe moja, kisha akaenda likizo mwezi wa Ramadhani na hajarudi kuaga mpaka leo. Miaka kumi na minane hiyo. Tangu hapo kafukuzwa Kupro, kafukuzwa Uchina, na kwao penyewe kafukuzwa mara mbili. Na kila anapofukuzwa huko, huku humwongezea sifa. Kuna ngamia wa mbio hapo Ibra anaitwa Vondra, hajapata kumpita ngamia yeyote. Kuna kinyozi kabandika picha yake ukutani ili watu wakate nywele kama zake, na mwenyewe nywele hizo hana tena. Na wanaume waliosema walimbeba mabegani siku ya kombe! Ungewajumlisha wote, ungedhani walibeba tembo wanne.

Katika wote hao hapana aliyemzidi Harub, mume wa Fakhriya. Kwa kuwa alikuwa na Kiingereza, na siku hizo wakikaa Sur, klabu ilimfanya dereva na mkalimani wa Mcheki. Siku moja, ndani ya gari, Mcheki alimpiga bega akamwambia, "Wewe ndugu yangu." Maneno matatu. Harub kayaishi miaka kumi na minane. Akiugua yanamponya, akikasirika yanampoza, na mgeni akikaa robo saa tu kwenye majlis yake lazima ayasikie. Fakhriya naye ana yake anayoyakumbuka: kila Ijumaa alimpikia mtu huyo biriani, na mtu huyo hakuuliza hata mara moja jina la mpishi. Zabibu alizitoa moja moja, akazipanga pembeni mwa sahani kama mende waliokufa.

Jumanne hiyo, mume aliporudi msikitini, alimkabili.

"Baba Wasan, kweli bwana wako anakuja Ijumaa?"

Harub alikuwa anaipiga pasi kanzu yake mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya harusi yao. Jibu lilikuwa hapo, juu ya meza ya pasi.

"Si bwana wangu. Ndugu yangu."

"Ndugu gani asiyepiga simu hata Idi? Ulipopasuliwa moyo, ndugu alikuwa wapi?"

"Mtu ana shughuli zake."

"Na sisi tunazo. Ijumaa tuna watu wa Nizwa."

"Ndiyo kheri yenyewe, mke wangu! Fikiri: Sheikh Marhoun anaingia, anamkuta Vondra kakaa kwenye majlis yangu. Nani atatwambia tena sisi si watu?"

"Atatwambia Marhoun. Tena atatwambia zaidi."

"Wewe hujui mpira."

"Mpira siujui. Wageni nawajua. Usiache mbachao kwa msala upitao, Harub."

Alicheka, akaendelea na pasi. Alhamisi Wasan alipofika kutoka kazini, naye alijaribu. "Shikamoo, Baba. Nakuomba siku moja tu. Siku moja usimtaje." Harub akamshika kichwa, akambusu utosini. "Siku ni yako, mwanangu. Mie naipamba tu." Na alikuwa anasema kweli, jinsi alivyojua kweli yeye. Mtu akipenda jongoo humwona taa ya sebuleni.

Ijumaa ikafika. Watu wa Nizwa walikuja sita, kwa wakati waliosema, kanzu nyeupe, vilemba vimefungwa sawasawa, majambia viunoni. Mzee Marhoun alitangulia na bakora yake. Harub aliwapokea vizuri, hilo Fakhriya halikatai. Alisema ahlan wa sahlan ya kutosha. Lakini walipoingia kwenye majlis, mzee alipoelekea mahali pa juu, penye mto wa zari, Harub alimshika mkono akamkalisha pembeni yake.

"Hapo pana mtu," alisema.

Fakhriya alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mlango umeachwa wazi kiasi cha vidole viwili. Wasan alikuwa nyuma yake, kajifunga mtandio mpya wa rangi ya zabarijadi.

Kahawa ilimiminwa na Khelef, kaka yake Fakhriya, aliyekuja toka Sur kusaidia. Tende zilishaliwa, halua imeshaonjwa. Khelef akampa Marhoun kikombe. Mzee alikipokea kwa mkono wa kulia, akakitazama, akakiweka chini mbele yake. Hakukigusa tena.

Watu wa huku wana ada yao, na Harub anaijua kama anavyolijua jina lake. Mgeni aliyekuja na haja hukipokea kikombe, hakinywi, hukiweka chini. Mwenye nyumba akikiona husema, "Kunywa, ulilolijia umelipata." Mgeni hunywa, na neno limekwisha hapo. Mahari, tarehe, fatiha, hayo yote hufuata nyuma kama mkia. Na mwenye nyumba asiposema, kakataa. Harub mwenyewe miaka sita nyuma alikiweka kikombe chini huko Samail, kumwombea mke mpwa wake, akarudi nyumbani wiki nzima anajisifu namna alivyokiweka polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Basi kikombe kilikuwa chini. Kilichobaki ni maneno matatu. Na simu ya Harub ikalia.

"Ameshaukaribia mji!" alisema, akasimama, akatoka nje na simu sikioni.

Aliporudi, Marhoun alijikohoza. "Ya Harub, sisi tumekujia—"

"Subiri kidogo, sheikh wangu. Mgeni mkubwa yuko njiani."

Dele la kahawa mkononi mwa Khelef liliacha kugongana na vikombe.

"Mgeni mkubwa," Marhoun alirudia, taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichokijua.

"Vondra! Yule wa kombe. Ndugu yangu yule. Utamwona sasa hivi."

Nje palishajaa. Uvumi wa Alyaa ulikuwa umeshazunguka mji wote, na wanaume walikuwa juu ya kuta, juu ya magari, wamevaa jezi za zamani zilizowabana vitambi. Honi zikilia. Fakhriya alipenyeza mkono mlangoni akamvuta Khelef kanzu.

"Mwambie kikombe! Kaka, mwambie kikombe!"

Khelef akaenda akainama sikioni kwa shemeji yake. "Harub. Kikombe cha sheikh."

Harub akakitazama hatimaye. Fakhriya alimwona anakitazama. Alimwona uso wake unafunguka, akamshukuru Mungu, akasema moyoni, kakumbuka. Wasan alimkamata mama yake bega.

"Astaghfirullah, kimepoa!" alisema Harub. Akakichukua kile kikombe, akaimwaga kahawa yote kwenye bakuli la maji, akamimina mpya, akakirudisha pale pale na tabasamu. "Hii ya moto, sheikh. Karibu."

Mzee Marhoun alikitazama kikombe kipya, kisha akalitazama bakuli. Haja yake ilikuwa mle ndani, imechanganyika na maji ya kuoshea. Akaikamata bakora, akainuka, na wale watano wakainuka kama uzi mmoja.

"Tumeelewa," alisema. "Allah akuzidishie wageni."

"Mnakwenda wapi? Yuko karibu, wallahi, dakika kumi tu!"

Wasan aliliachia bega la mama yake. Hakulia. Aliketi chini, juu ya gunia la mchele, akaanza kuufungua mtandio, pini moja baada ya moja.

Pale mlangoni mzee wa watu ilimbidi apite katikati ya wehu. Walimsukuma, kilemba kikamwendea upande, na hakuna aliyemtaka radhi, maana gari ya Mcheki ilikuwa imeonekana. Gari moja inatoka, moja inaingia. Hata kupishana zilipishana kwa shida, na iliyorudi nyuma ni ya watu wa Nizwa.

Sasa sikilizeni alivyokuwa huyo mgeni mkubwa. Mzee mwenye tumbo, suruali fupi hadi magotini, Ijumaa, nyumbani kwa watu. Alikaa dakika kumi na moja. Fakhriya alizitazama saani. Alimkumbatia Harub akamwita Hassan. Akauliza kama hapa ndiyo Sur. Aliketi pale kwenye mto wa zari, akaona karibu yake kikombe kimejaa, kahawa bado inatoa moshi, akakinywa. Kikombe cha Marhoun. Khelef akajaza, maana ndiyo ada, asiyetikisa kikombe huongezwa, naye akanywa, akajaziwa, akanywa, mpaka watu wakacheka wakasema, "Anaipenda kahawa yetu, mwenzetu huyu!" Miezi kumi na minane alikaa Omani, na hata kutikisa kikombe hakujifunza. Akapigwa picha na kila mwenye simu. Halafu akasimama mlangoni, akapunga mkono, akasema kwa watu, kwa kuta na kwa mbuzi wa jirani, "Tutaonana kesho!" Akaenda zake.

Harub alirudi ndani macho yanang'aa kama mtoto wa Idi. "Mmemsikia? Kasema tutaonana kesho."

Ndipo alipomwona binti yake ameketi juu ya gunia.

Mtu huyu si mbaya. Fakhriya anataka hilo lijulikane. Alipoelezwa, alijipiga paji la uso, akasema la haula, akasema vipi nimesahau. Khelef akapiga simu Nizwa mara tatu, akajishusha, akaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Baada ya magharibi jibu likaja, nalo lilikuwa jibu la muungwana. Mzee Marhoun alisema: aje mwenye nyumba mwenyewe, kesho Jumamosi saa kumi, anywe kahawa yangu, aseme neno lililomkimbia, nami nitasahau.

"Alhamdulillahi," alisema Fakhriya.

"Kesho saa kumi?" alisema Harub.

Fakhriya akamtazama. Alijua. Alilijua neno kabla halijatoka.

"Kesho saa kumi ndiyo mechi. Ananingoja Sur."

"Nani anakungoja? Kakwita Hassan!"

"Ni mzaha wetu wa zamani. Nitakwenda Nizwa Jumapili asubuhi. Mzee akisikia nilikuwa na nani, ataelewa."

"Harub. Marhoun hakusema Jumapili."

"Mama, mwache," alisema Wasan. Alisema polepole sana. "Baba ni mtu mzima. Kasikia saa, kasikia siku."

Jumamosi asubuhi, Fakhriya alipotoka msalani, gari haikuwapo na simu ya mume ilikuwa imezimwa. Akavaa baibui lake, akawapakia Wasan na Khelef kwenye gari ya Khelef, wakaishika njia ya Nizwa, mwendo wa saa mbili, hakuna aliyefungua redio.

Wasan alibaki garini. Fakhriya alikaa upande wa wanawake, na safari hii mlango haukuwa na upenyo, lakini baadaye Khelef alimsimulia yote. Mzee aliwapokea kwa heshima. Alimkalisha Khelef mahali pa juu. Alimmiminia kwa mkono wake mwenyewe. Khelef akakipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake. Mzee alikitazama muda mrefu. Muatasim alikuwa kasimama ukutani, naye anakitazama.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" aliuliza Marhoun.

Khelef angeweza kusema mgonjwa. Alifikiri kusema mgonjwa. "Sur," alisema.

"Kwa yule."

"Kwa yule."

Mzee akatikisa kichwa. "Wewe ni mtu mwema, Khelef. Kunywa, kahawa isipoe."

Kunywa, basi. Ulilolijia hakulitaja.

Muatasim aliwasindikiza mpaka nje, akasimama mbali na gari, akasema, "Nisamehe, Mama," na Fakhriya akamwambia, "Wewe hukukosa kitu, mwanangu." Ndani ya gari Wasan aliuliza mawili tu.

"Mjomba, ulikinywa?"

"Nilikinywa."

"Alisema nini kabla hujakinywa?"

Khelef akawasha gari.

Harub alirudi usiku huo na jezi iliyotiwa saini kwa wino mweusi: Kwa Hassan, ndugu yangu. Kwenye jukwaa la wakubwa hakukaa, alikaa upande wa jua, na jezi aliipata kwenye foleni. Siku hizi imo ndani ya kioo, imetundikwa juu ya ule mto wa zari, na wageni wakiuliza Hassan ni nani, huwaambia ndilo jina alilompa Vondra kwa mapenzi. Nao huamini. Wanakuja wengi kuliko zamani. Mwezi wa pili walifika vijana toka Nizwa kupiga picha na jezi, na mmoja wao alikuwa mjukuu wa Marhoun. Fakhriya aliwapa kahawa kama kawaida. Wote waliinywa.

Muatasim kaoa Samail. Wasan kaomba uhamisho, akaulizwa anataka wapi, akaandika: popote isipokuwa Sur. Huja nyumbani mwezi mara moja. Humwamkia baba yake, humbusu mkono, na kwenye ile majlis haingii.

Basi nyinyi kina mama wenye waume wa namna hii, na wako katika kila mtaa, jiepusheni na haya:

Msipange posa siku ambayo mtu mashuhuri anatajwatajwa, hata ikiwa ni uvumi.

Msiwaachie wanaume peke yao kutazama vikombe.

Mgeni aliyekuja asikae chini ya mgeni asiyekuja.

Kahawa ya mwenye haja isimwagwe, hata ikiwa barafu.

Msimwamini mtu anayesema "tutaonana kesho" kwa watu mia.

Msimpikie miezi kumi na minane mtu asiyeuliza jina lenu.

Simu ya mume isiingie kwenye majlis.

Ufunguo wa gari usilale mfukoni mwake siku ya mechi.

Na jezi, ikiletwa nyumbani, isitundikwe.